Pishi ya Tele, Pishi ya Mfuto

Ifakara, Jumatano, mwezi wa pili

Mwanangu Skola,

Umetoka kwenda misheni kuwaaga masista, na mama yako yuko nyuma ya nyumba anakoroga togwa ya safari, huku ananung'unika kwamba lori la kesho halitakuwa na nafasi hata ya kikapu. Nimeona niitumie nafasi hii. Ukiwa mbele yangu sitaweza kusema ninayotaka kusema, maana utaniangalia kwa hayo macho yako, nami nitaanza utani, tutacheka, na kesho utapanda lori sijasema kitu. Mimi ni karani. Kalamu inanitii kuliko ulimi.

Mambo ya sabuni, blanketi, sala za asubuhi na wanaume wa Morogoro amekwisha kukuambia mama yako, mara tatu kwa hesabu yangu, na jana nilimsikia akianza mara ya nne. Sina la kuongeza hapo. Ukivuka Ruaha salama pale Kidatu, mengine utayaweza.

Kwanza niseme wazi, nisije nikalisahau katikati ya maneno mengi: najivunia wewe. Siku ile barua ya serikali ilipofika, kwamba Skolastika binti Benedikto anatakiwa Morogoro kwa kazi ya kuandika bei za soko, niliisoma nimesimama barazani, nikaisoma tena nimeketi. Kisha nikapita nayo kwa fundi cherehani, kwa muuza mafuta ya taa na kwa katekista, na kote nikajifanya nimekuja kwa shughuli nyingine. Fundi cherehani aliniuliza kama nataka aishonee ile barua mfuko. Mimi ni mtu wa kujisifu, unanijua, lakini mara hii nilikuwa na la kujisifia.

Sasa, kazi waliyokupa ndiyo kazi niliyoifanya mimi miaka hii yote, na niliwahi kuiharibu mara mbili. Mara ya kwanza sikujua kwamba ninaiharibu. Mara ya pili nilijua. Wewe unayajua mambo haya vipande vipande, kwa sababu ulikuwa mtoto na ulikuwepo. Nataka uyajue yote kutoka kwangu, kabla mtu hajakusimulia huko ofisini kwamba baba yako alikuwa karani asiyekosea.

Ulikuwa na miaka minane au tisa hivi walipoanza kunipa daftari la bei. Miaka ile kila kitu cha dukani kilikuwa kinapanda, shuka, chumvi, majembe, na watu walikuwa wakinung'unika toka hapa mpaka Mlimba. Hazina ya baraza letu ilikuwa na orodha ya watu wanaolipwa posho kila mwisho wa mwezi: wajane wa vibarua waliofia kazini, askari wa zamani waliorudi kutoka vitani bila mguu au mkono, na vipofu wachache wasio na ndugu. Posho ile haikuwa imeguswa tangu vita vilipokwisha. Bwana Shauri wa wilaya aliyekuwepo wakati ule, yule mrefu mwenye haraka, akasema si haki kukisia tu. Kila mwezi bei za soko ziandikwe. Kila mwaka, kabla ya kupanga makisio ya hazina, watu wa baraza walitazame daftari. Chakula kikiwa kimepanda, posho nayo ipande. Kikiwa hakijapanda, posho ibaki ilivyo na fedha ifanye kazi nyingine. Nilikubaliana naye kabisa, na mpaka leo naona mpango ule ulikuwa mzuri.

Katika orodha hiyo alikuwemo dada yangu, Shangazi yako Tekla. Mumewe aliangukiwa na mti kwenye kazi ya barabara ya Mang'ula, akaacha nyumba ya nyasi na mjane asiye na mtoto. Nakukumbusha kwa sababu wewe umemjua akiwa amekwisha kuzeeka na kuwa mkali. Alipokuwa kijana alikuwa mtu wa kucheka, hata kanisani.

Basi nikapewa daftari, jalada la buluu, mistari myekundu. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nilivaa shati jeupe, nikaweka penseli sikioni, nikapita sokoni kama mkaguzi. Mchele pishi bei gani? Wananitajia, naandika. Maharage? Naandika. Sikuketi na mtu wala sikununua kitu. Jumamosi jioni nanakili yote kwa wino, herufi moja moja, bila kufuta. Katika miaka miwili safu ya mchele haikuondoka mahali pake. Senti zilezile wakati wa mavuno, senti zilezile wakati wa masika. Chumvi na mafuta ya taa vilipanda kidogo, lakini tuliambiwa kubwa ni chakula, na chakula cha bonde hili ni mchele. Nilidhani tuna bahati. Nilidhani mto wetu unatulinda na ugumu wa maisha uliowapata wengine.

Kila mwaka nilivuka mto kwa mtumbwi na daftari langu limefungwa kwenye kitambaa cha mafuta, nikapanda mlima hadi makao ya wilaya, nikasimama mbele ya watu wakubwa na kusoma. Mchele haujapanda. Bwana Shauri alichukua daftari akawazungushia wenzake mezani wauone mwandiko. Posho ikabaki ilivyokuwa, na fedha iliyosalia ikanunua bati za baraza. Bati zenyewe unazijua, zile ambazo mvua ikinyesha hatusikilizani ndani, na kila ikinyesha mimi nazikumbuka zilikotoka.

Ndipo Shangazi yako akaanza kuja kwetu saa za chakula. Kwanza mara moja kwa wiki, baadaye kila baada ya siku moja. Nilimtania. Nilisema pua yake inanusa sufuria ya mama yako toka ng'ambo ya mto. Alicheka mara ya kwanza na ya pili. Baadaye akawa anatabasamu tu, na mimi sikuona tofauti.

Siku moja, mwezi kama huu, alikuja akala, na nilipoona anapangusa sahani kwa kidole nikakasirika. Sijui nilikasirikia nini. Nilimhesabia mbele yako na mbele ya mama yako: posho ni ileile, mchele bei ileile, mdomo ni mmoja. Nikamuuliza hela anampa nani. Unakumbuka alivyofanya. Alinawa mikono polepole, akasema, "Asante kwa chakula, Bene," akachukua khanga yake akaondoka. Wewe ulimkimbilia mpaka njiani. Ukarudi ukalala, na asubuhi hukuniamkia. Mtoto wa miaka kumi alininyima shikamoo siku tatu nzima, na mimi karani mwenye daftari sikuwa na ujasiri wa kukuuliza kwa nini.

Mwaka uleule mto uliingia shambani kwetu mapema, ukala karibu yote. Mpaka wakati huo sisi tulikula mchele wa shamba letu wenyewe. Mama yako na wewe mlikuwa mnahamia dunguni, kibanda cha kulindia shamba, kufukuza ndege na nguruwe, mnavuna, mnajaza ghala, na mimi nakula. Fikiri jambo hilo, Skola. Mtu aliyeandikia serikali bei ya mchele kwa miaka miwili hakuwahi kununua pishi hata moja. Ghala likawa tupu, mama yako akashikwa na homa, ikabidi niende sokoni mwenyewe na kikapu, na wewe nyuma yangu.

Nilinunua pishi mbili kwa Mama Odilia, kwa bei iliyokuwa kwenye daftari langu, senti kwa senti. Alichota, akapitisha mkono juu ya pishi mpaka pakawa bapa, akamimina. Nikarudi nyumbani nimeridhika. Mama yako alijiinua kitandani, akachungulia kikapu, akasema, "Amekupa ya mfuto."

Nikamwuliza mfuto unahusu nini, pishi ni pishi. Akanitazama kama alivyokutazama wewe siku ulipoweka chumvi kwenye togwa.

"Mwezi wa saba Odilia anakupa ya tele," alisema, "anarundika mpaka punje zinamwagika mkekani. Njaa ikikaribia anafuta kwa mkono. Zamani mfuto ulikuwa wa miezi miwili tu. Miaka hii miwili wanaanza kufuta kabla ya Noeli."

"Na bei?"

"Bei haiguswi. Nani atampandishia jirani yake bei wakati wa njaa? Asisalimiwe kisimani?"

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hiyo, naye ananiona kila mwezi naandika. Alijilaza tena, akajifunika.

"Wewe uliuliza bei," alisema. "Hukumwuliza mtu anapata kiasi gani."

Mwanangu, mimi nimezaliwa hapa. Mama yangu mzazi aliuza mchele kwa pishi kama hiyo, na mkono wake niliuona ukirundika na ukifuta kabla sijaota meno. Nilijua mambo ya tele na mfuto kama ninavyojua njia ya kwenda mtoni. Ila sikuyahesabu kuwa ni elimu ya kuingia kwenye daftari lenye mistari myekundu. Mgeni angeona ule mkono na angeuliza. Mimi mwenyeji niliutazama bila kuuona, na kwa ajili hiyo dada yangu alilipwa miaka miwili kwa pishi ya tele ambayo hakuipata.

Jumamosi iliyofuata niliazima mizani kwa masista wa dispensari, ile ya kupimia watoto wachanga, tukaenda nayo sokoni mimi na wewe. Nilitaka kununua pishi moja kwa kila mwanamke na kuipima. Hapo nikaharibu tena kidogo. Nilifika na mizani na shati jeupe na sikumweleza mtu lolote. Wakadhani serikali imekuja kuwatoza faini kwa vipimo vya kupunja. Wengine walifunika vikapu. Mama Odilia aligeuza pishi yake chini juu, akaikalia.

"Karani," aliniambia, "umekuja kupima mchele au kutupima sisi?"

Nilianza kumsomea maneno ya makisio na hazina, na kadiri nilivyosema ndivyo alivyozidi kutulia juu ya pishi yake. Wewe ukapita mbele yangu. Ukapiga goti, ukamwamkia shikamoo, ukasema, "Mama, Shangazi Tekla posho yake haitoshi. Baba akipima mchele, watamwongezea." Basi. Maneno mangapi hayo? Mama Odilia akanitazama mimi, akakutazama wewe, akainuka. Alitupimia mwenyewe, kwanza ya mfuto kama alivyokuwa akiuza mwezi ule, halafu bila kuambiwa akarundika ya tele, ili tuone tofauti. Wenzake wakafunua vikapu. Karani wa miaka mingi alishindwa kusema kwa nini anauliza, na mtoto alisema kwa pumzi moja. Siku ile nilijivunia wewe mara ya kwanza kwa namna inayouma kifuani.

Nikavuka mto na vifuko viwili vya mchele, kimoja cha tele na kimoja cha mfuto. Makisio ya mwaka yalikuwa yamekwisha kupigwa taipu. Nilimwaga vifuko vyote viwili juu ya meza ya Bwana Shauri, juu ya karatasi zake, nikamwambia kwamba malundo hayo mawili yana bei moja, na kwamba daftari langu linasema ni sawa. Aliuliza ni miezi mingapi daftari limekosea. Nikamwambia yote. Hakunigombeza, na mimi nikainama kuokota punje sakafuni. Wakapiga taipu upya. Posho ikapanda kuanzia mwaka ule wa fedha uliokuwa unaingia. Ya miaka miwili iliyopita haikuweza kurudi, ilikuwa imekwisha kuwa bati. Kiti cha karani mkuu nilichokuwa nimeahidiwa wakampa mwingine.

Kwa Shangazi yako nilikwenda na kuku na maneno ya kuomba radhi. Kuku alimpokea siku hiyohiyo. Maneno aliyaacha yakae kwanza.

Kama hadithi ingeishia hapo ningeweza kuisimulia kwa watu, na kwa kweli nimeisimulia hivyo mara nyingi. Mara ya pili huwa siisemi. Mama yako anaijua, na Shangazi yako, na sasa wewe.

Mwaka uliofuata nilikuwa na aibu, na aibu ikanifanya mkarimu kwa mali isiyo yangu. Ulikuwa umekwisha kunichorea safu mpya kwenye daftari kwa rula yako ya shule, safu ya uzito, na mimi nikaitumia vibaya. Nilichagua saa. Nilikwenda sokoni alasiri, mchele mzuri umekwisha, nikanunua kwa yule mama wa pembeni anayejulikana kwa ubahili, ambaye hata mwezi wa saba anafuta. Kila nilichoandika kilikuwa kweli. Nilikipima kwa mizani, ungeweza kunipeleka mbele ya padri nikaapa. Lakini haikuwa bei ya soko la Ifakara. Ilikuwa bei ya mama mmoja mbaya wa saa kumi. Daftari likaonyesha maisha yamekuwa magumu mno, wakubwa wakashtuka, posho ikapandishwa sana. Nilitembea mjini kifua mbele. Watu wa orodha wakanisalimia kwa mikono miwili.

Mwezi wa kumi hazina ikakauka. Kodi ya mwaka ule haikuwa kubwa, na orodha ilikuwa ndefu, na mimi nilikuwa nimeongeza uzito juu ya mtumbwi uliokwisha kujaa. Posho ikasimama kwa wote, miezi miwili. Mshahara wa mganga msaidizi wa dispensari ukasimama, wa wavushaji wa mtoni ukasimama. Kulikuwa na kipofu mmoja wa kijiji cha Mbingu ambaye alishikwa mkono njia nzima kwa miguu, akafika barazani, na mimi ndiye niliyemwambia hakuna. Aliuliza kama ni yeye peke yake aliyekoseshwa. Nikasema ni wote. Akasema afadhali, akaomba maji ya kunywa.

Jioni ile nilikwenda kwa dada yangu. Nilidhani atanionea huruma, maana yote niliyafanya kwa ajili yake, na nikamwambia hivyo. Alikuwa anapeta mchele mchache uliobaki. Hakuacha kupeta.

"Zamani nilikula kidogo," alisema, "lakini kidogo changu nilijua kitakuja. Sasa umenitoa hata hicho." Akapuliza makapi. "Ukinipenda, Bene, nipikie. Kwenye daftari andika kilichopo."

Sijapata kuambiwa neno zito kuliko hilo, na nimesikiliza mahubiri mengi. Tangu siku ile amekula kwetu kila Jumapili na Alhamisi, kwa haki yake, wala hakuna anayetaja pua wala sufuria. Na daftari nimeliandika kama alivyosema. Nanunua asubuhi na nanunua alasiri, kwa mkarimu na kwa bahili na kwa wa katikati, napima, naandika. Posho imepanda miaka mingine na miaka mingine imekaa, na haijasimama tena. Hakuna anayenisalimia kwa mikono miwili. Hilo nimelizoea.

Huko Morogoro utakuta karatasi zilizochapishwa vizuri kuliko daftari langu, na utashawishika kuziamini kwa ajili ya uzuri wake. Sijui huko wana ujanja gani badala ya mfuto. Labda mche wa sabuni unakuwa mwembamba bei ikiwa ileile, labda mkate unajaa hewa, labda khanga inapungua nyuzi mpaka unaona jua upande wa pili. Utavijua mwenyewe, wewe una macho. Mimi naona mbali tu, karibu sioni, na bila mama yako kuugua huenda ningekuwa bado naandika senti zilezile. Wasikilize wanaopika. Hata wakikucheka, kaa.

Na siku moja utakuta mtu wa kumhurumia, maana kwenye kazi hii hawakosekani, na kalamu itakuwa mkononi mwako, na itakuwa rahisi sana kuisukuma kidogo tu. Sikukatazi. Ninachoweza ni kukueleza kipofu wa Mbingu alivyokunywa yale maji, vikombe viwili, amesimama.

Sina hofu nawe. Nikuambie kwa nini, jambo ambalo nimelificha wiki tatu ili nilifurahie peke yangu. Yule bwana aliyekuja kuwasaili pale misheni alipita barazani kabla ya kuondoka. Hakujua mimi ni nani wako. Alisema aliwauliza wasichana wote swali moja, ukitumwa sokoni kujua bei ya mchele utafanya nini kwanza. Wote walisema nitauliza. Mmoja alisema, "Kwanza nitanunua." Alisema huyo ndiye anayemtaka. Nilimshukuru, nikatoka nje nikajifanya natazama bati.

Nimesimama kidogo, na sasa naendelea. Shangazi yako amekuja. Hakutaka kuingia, amesema ana haraka, ingawa sisi sote tunajua hana pa kwenda. Amekuletea mchele wa kula njiani, ameufunga kwenye khanga yake ya zamani. Ameununua leo asubuhi kwa Mama Odilia kwa hela ya posho yake. Nikamwambia dada, mwezi wa pili huu, kwa nini ujisumbue. Akasema nimwache.

Alipoondoka nilifanya jambo la aibu, unisamehe. Nilichukua mizani ya kazi nikaupima. Ni pishi ya tele, Skola. Tele kabisa, kama ya mwezi wa saba, na kidogo juu yake. Nilimkimbilia dada yangu njiani nikamwuliza amelipa kiasi gani. Amelipa bei ileile ya siku zote. Alimwambia Mama Odilia ni wa mtoto yule aliyempigia goti, naye Mama Odilia akarundika mpaka mkeka ukajaa punje, mbele ya wenzake wote, katikati ya njaa.

Nimekaa na kalamu, na daftari liko hapa pembeni, na mkono wenyewe ulikwisha kuanza kwenda. Nikaurudisha. Hiyo si bei ya soko la Ifakara. Usije ukaiandika mahali popote, mwanangu. Wewe kula tu, ushibe, na ukifika utuandikie kwamba ulishiba.

Nakusikia mlangoni unacheka na mama yako. Nakunja karatasi.

Baba yako anayekuonea fahari,
Benedikto